Msiba Hautumiwi Kibarua

Miaka ile Mwanza ilikuwa na wahubiri wengi kuliko vyoo. Jioni yoyote ukipita uwanjani ungekuta jukwaa, jenereta, spika mbili kubwa kama makabati, na kijana ndani ya suti ya mtumba iliyomzidi mabega, akimfokea shetani kama mbuzi aliyeingia shambani. Miaka michache nyuma kijana wa namna hiyohiyo alikuwa anatufokea kuhusu mabepari. Sauti ileile, ngumi ileile hewani. Aliyebadilishwa ni adui tu. Niliwadharau wote, msemaji na wasikilizaji, na niliona nina haki ya kudharau, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa fundi wa kazi hiyo.

Nilikuwa mwalimu wa siasa katika chuo cha ushirika. Kwa miaka mingi nilisimama mbele ya makarani wa ushirika nikawaeleza kwamba dini ni kasumba, kwamba mkulima anayepiga magoti anachelewa kupalilia. Nilisema vizuri, hata wale waliovaa rozari chini ya shati walicheka. Kisha soko huria likaja, na somo langu likafutwa kwenye ratiba kabla sijamaliza boksi la chaki. Nikapunguzwa kazi. Niliondoka chuoni na tai moja ya samawati na kifua kilichojaa majibu ya maswali ambayo hakuna mtu tena aliyeyauliza.

Nikawa mpima samaki. Wavuvi walileta sangara ufukweni alfajiri, mimi nikawaweka kwenye mzani, kiwandani wakachunwa, minofu ikalazwa kwenye barafu na kupanda ndege kwenda kuliwa na Wazungu. Vichwa na mifupa, tulivyoviita mapanki, vikarudi kwetu, vikakaangwa kwenye mafuta yaliyokwisha kuwa meusi na kuuzwa kando ya barabara. Nchi iliyoapa kujitegemea ikawa inatafuna mifupa ya samaki wake. Na jioni watu haohao, mapanki tumboni, wakaenda uwanjani kuahidiwa magari kwa jina la Yesu. Niambie, ningeachaje kucheka?

Mke wangu hakucheka. Aliniambia siku moja kwamba kukaa na mimi ni kama kukaa na redio inayosoma habari mbaya kwa furaha, akafunga nguo zake akarudi kwao. Nilimdharau kwa hilo pia. Nikahamia Kisesa, nikajenga nyumba ya matofali ya saruji, nikaizungushia ukuta wenye vipande vya chupa juu na geti la chuma. Baba alipofariki nikamchukua mama kutoka Magu nikamweka humo ndani.

Mama alikuwa Mkristo wa misheni, wa kizazi kilichojifunza kusoma kwenye katekisimu na hakikusoma kitu kingine tena. Alikuwa na rozari ya mbao iliyoliwa na vidole na kifua kilichokohoa kila msimu wa mvua. Nilimheshimu kama mtu anavyoheshimu kinu cha zamani: hukitupi, lakini hukiulizi kitu.

Jirani yetu wa upande wa kisima alikuwa mjane mlokole aliyeuza mapanki. Kanisa lake lilisali chini ya turubai karibu na gulio, na kila alfajiri, akiwasha jiko, aliomba kwa sauti ya kuamsha kuku. Nilijua mahitaji yake yote kabla Mungu hajayajua. Alinuka mafuta ya samaki, alivaa kitenge kimoja Jumapili zote, na aliniita "mwalimu" kwa heshima iliyoniudhi. Kama ungeniuliza wakati ule nani hapa duniani ni hasara tupu, ningekuonyesha kwa kidole juu ya ukuta.

Sasa, Usukumani kuna nzengo. Nzengo ni majirani waliojifunga kuwa kitu kimoja, na sheria yao kubwa ni ya msiba. Mtu akifa, kila nyumba hutoa mwanamume mmoja wa kuchimba kaburi, na mwanamke mmoja wa kuleta maji na kuni na kukaa mkekani na wafiwa. Hakuna anayekuja kukuita. Ukisikia kilio, unachukua jembe. Usipokwenda, siku hiyo huambiwi neno, wanakuwekea. Siku utakayofiwa wewe watakaa kivulini, hatua chache kutoka ulipo, wakutazame unachimba peke yako mpaka akili ikurudie. Hawana haraka. Wanajua kila nyumba ina zamu yake.

Niliona huo ni ushamba uliokomaa. Mimi nilikuwa na kazi, na mzani haungoji maiti. Mama alinisihi mara kwa mara niende. Hakuwahi kuniomba nguo, wala godoro jipya, wala dawa. Aliomba hilo tu.

"Mwanangu, hapa tulipo hatujazikana na mtu yeyote. Nitazikwa na nani?"

"Mama, maiti hajui nani kachimba."

"Maiti hajui. Waliobaki ndio wanaojua."

Siku moja akafa mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kilio kilipoanza nilikuwa natoka kwenda kazini, na nikamwona mama amesimama mlangoni ananitazama. Nikaona nimpendeze bila kujichosha. Nikapita gulioni, nikaokota kibarua mmoja mwenye mikono mizuri, nikampa koleo langu na kumwelekeza: nenda kachimbe kwa niaba ya nyumba yangu. Njia nzima nilijisifu. Kama minofu inaweza kupanda ndege, kwa nini huzuni isipewe mtu mwingine aibebe? Hiyo ndiyo akili ya zama mpya, nilijiambia, wenyewe watajifunza.

Jioni nilimkuta kibarua amekaa kwenye geti langu, koleo mapajani, safi kama lilivyotoka dukani.

"Wamenirudisha, mwalimu."

"Wamesemaje?"

Alikuna kichwa, akatazama chini. "Wamesema, siku Mungu akikuita, na wewe umtume kibarua."

Nilicheka sana. Nilicheka peke yangu, kwa sababu mama aligeuka akaingia ndani. Lakini yale maneno yaliniuma, na mtu wa kiburi akiumwa hutafuta wa kumuuma. Usiku huo nikatoa amri. Kama kibarua wangu hawamtaki, basi na mama yangu hawampati. Asikanyage kwenye misiba yao, asibebe ndoo, asivute moshi wa kuni zao na kifua kile. Nilikitaja kifua chake mara tatu, na kweli kilikuwa kibovu, lakini sikuwa nakionea huruma. Nilikuwa nawakomoa. Mama hakubisha. Alisema tu, "Nimekusikia," akachukua rozari yake. Nikadhani nimeshinda.

Baada ya hapo vitu vikaanza kunipotea. Kwanza ile tai ya samawati. Nikasema panya. Kisha ndoo, ile ndoo nyeupe ya mafuta ya kupikia yenye mshikio wa waya. Ilipotea siku tatu ikarudi, ikapotea tena. Nilipomuuliza mama alisema, "Itarudi," bila kuniangalia. Nikajua kuna mtu anamwonea bibi kizee mchana nisipokuwepo.

Jumamosi moja barafu iliisha kiwandani, tukaruhusiwa mapema. Nafika karibu na nyumbani, namwona yule mlokole anakuja njiani na ndoo yangu kichwani, tupu, anaelekea kwake. Nyuma yake walikuwepo watu wengine wengi, wanawake kwa wanaume, wanatoka huko walikotoka. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nasema kweli, ilikuwa furaha. Mtu niliyemdharau kwa kubahatisha sasa alinipa sababu.

Nikasimama katikati ya njia. "Ehe, dada mteule! Kumbe Bwana anakulisha kwa ndoo za watu?"

Aliitua chini taratibu. Kwenye mshikio palifungwa kipande cha kitambaa. Nikakinyakua, nikakinyanyua juu watu waone. "Na alama yake kashaweka! Mwizi anaweka alama! Alfajiri unamwomba Mungu, mchana unamwibia kikongwe!"

Nilisema mengi zaidi, na niliyasema vizuri, maana ualimu hausahauliki. Nilisema kuhusu turubai lao, kuhusu haleluya na mikono mirefu. Watu walisimama wakanitazama. Hakuna aliyefungua mdomo, nikadhani wananiunga mkono. Mjane alisubiri mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akapiga goti kidogo, kama wanavyofanya wanawake wa huku wakisalimia, akasema, "Nisamehe, mwalimu." Akainama, akakiokota kile kitambaa nilichokitupa vumbini, akaenda zake.

Mama alikuwa amesimama getini. Alikuwa amesikia yote.

"Mwanangu, yule mama usimtukane, ile ndoo—"

"Mama, tafadhali. Usimtetee mwizi."

Hakula usiku ule. Kwa siku kadhaa sauti yake niliisikia kwenye rozari tu. Nami kila nilipopita mbele ya kikaango cha jirani nilikohoa kwa makusudi, na hadithi ya mlokole na ndoo nikaipeleka kiwandani, ikawa kichekesho chetu cha saa ya chai. Niliisimulia kwa muda wa mwaka mzima hivi. Kila mara niliiongezea chumvi kidogo.

Mama alifariki mwanzoni mwa mvua za masika, kwa kifua kilekile. Nilikuwa nimempeleka hospitali mjini, wakampa dawa, tukarudi, na asubuhi ya pili alikuwa kimya. Nilikaa kando ya kitanda nikagundua jambo la ajabu: sikujua kulia. Nilijua kueleza kilio kinatokana na nini. Lakini kilio chenyewe, kile cha kuwaambia majirani, sikuwa nacho. Nikatoka uani nikasimama kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta.

Mjane wa mapanki alikuwa upande wa pili wa ukuta, anawasha jiko. Alinisikia nikisimama, sijui kwa vipi. Akauliza, "Mwalimu, vipi mayu?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, na hivyo ndivyo alivyomwita siku zote. Sikujibu. Basi akapiga ukunga. Alilia kwa ajili ya nyumba yangu, kutoka nje ya ukuta wangu, kwa sauti ileile niliyoichukia kila alfajiri.

Watu wakaja. Wanaume wakakaa kivulini ng'ambo ya barabara, majembe miguuni, hawakuingia. Nilijua maana yake. Nikafungua geti nikawafuata, nikamkabili mwenyekiti wa nzengo, mzee mfupi mchunga ng'ombe ambaye nilikuwa sijawahi kumpa zaidi ya salamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Najua nimewakosea. Semeni faini. Mbuzi, ng'ombe, chochote. Ila mama yangu msimwache."

"Faini yako tutaizungumza siku nyingine, mwalimu. Leo hatujaja kwako. Tulikuwa tunangoja ufungue geti, tukamzike mwenzetu."

"Mwenzenu?"

"Mayu hajakosa msiba hata mmoja tangu umkataze."

Nikamwambia haiwezekani, mama yangu alikuwa hatoki. Wanaume wakatazamana. Mmoja wao akatabasamu, akaona vibaya, akafuta mdomo kwa kiganja. Walikuwa wanajua. Wote, siku zote, pamoja na ile Jumamosi njiani nilipokuwa nahutubia. Watu wazima wote wale walisimama vumbini wakanisikiliza nikijivua nguo, wakaninyamazia, kwa sababu kikongwe aliwaomba wamnyamazie.

Wakaingia. Nyuma yao wakaja wanawake, kila mmoja na kuni au maji, na katikati yao yule mjane, na kichwani kwake ndoo nyeupe, imejaa. Kitambaa kilikuwa kimerudishwa kwenye mshikio. Wanawake hufunga alama, kwa sababu ndoo hubaki kwa wafiwa mpaka matanga yaanuliwe, na ndoo zote zinafanana. Safari hii nilikiangalia. Kilikuwa samawati, chenye mistari myembamba. Mama alikuwa ameikata tai yangu ya ualimu, akaifanya alama ya nyumba yangu kwenye misiba ya watu. Kila walipozika, nyumba yangu ilikuwepo. Mimi ndiye niliyekosekana.

Nilichukua koleo nikaenda kaburini. Mwenyekiti akalishika mpini, akalitoa mikononi mwangu bila ugomvi. "Leo hapana," akasema. Basi nikasimama pembeni kama mgeni wa wilaya, mikono nyuma, nikitazama watu niliowaita washamba wakimchimbia mama yangu. Sijapata kuona kazi iliyofanywa vizuri namna ile. Mlokole akaanzisha wimbo, wanawake wa misheni wakaudaka, na wale wasiokuwa na dini yoyote, wenye hirizi zao, wakaitikia. Nilijitafutia dharau. Nilikuwa nimeitegemea maisha yangu yote na siku ile nikaichokonoa kila pembe. Haikuwepo.

Siku matanga yalipoanuliwa nilikwenda kwenye kikaango cha mjane kando ya barabara. Nilikaa kwenye benchi. Aliendelea kugeuza vichwa vya samaki.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesema, ungemfungia ndani. Yeye alikuwa ananiambia, nikizikwa na watu niliowalilia, nitakwenda bila hofu. Maji nilimtekea mimi, mwalimu, yeye alikuwa hawezi. Lakini kuingia na ndoo msibani, aliibeba mwenyewe. Alikataa asaidiwe hapo."

"Nilikuita mwizi mbele za watu."

"Uliniita."

"Mwaka mzima nimekutangaza mpaka kiwandani."

"Nilisikia. Hata wateja wengine walihama." Alisema hivyo kama anayetaja mvua ya jana. Kisha akaacha kijiko, akanitazama. "Bwana wangu alitundikwa katikati ya wezi wawili. Nikisimama nao kidogo kwa ajili ya mayu, nimepungukiwa nini?"

Nilikuwa na majibu ya Mungu wa wasomi. Nilikuwa na majibu ya Mungu wa wamisionari, wa wakoloni, wa wale vijana wa suti za mtumba. Hilo la mwanamke anayekubali kuitwa mwizi ili kikongwe wa jirani aende kulia na wafiwa sikuwa nalo, na mpaka leo sijalipata. Akanikatia kipande cha panki kwenye karatasi, akasema, "Kula, mwalimu, umekonda." Nikala pale barabarani, watu wakipita. Kilikuwa na chumvi nyingi na miba mingi, nami nililia kwa mara ya kwanza, na nilikuwa najua ni kwa nini.

Msinielewe vibaya. Sikuokoka uwanjani, na sitaokoka uwanjani. Ile suti peke yake ingenirudisha nyuma. Bado nawadharau wanaouza mafuta ya upako kwenye chupa za dawa ya kikohozi, na wale wasomi wenzangu waliohama kutoka kumkana Mungu hadi kumtangaza mara tu walipoona anatoa safari za nje. Mungu wa spika sina habari naye. Nilikuwa nimetafuta makosa ya Mungu juu, kwenye hoja, wakati alikuwa anapita chini ya ukuta wangu na ndoo kila wiki.

Nzengo wakanihukumu. Mbuzi mmoja, na zaidi ya hapo, kwa kuwa nyumba yangu haina mwanamke, nitatoa vyote viwili mimi mwenyewe: jembe la mwanamume na maji ya mwanamke. Hukumu iliwafurahisha mno. Nadhani waliitunga muda mrefu.

Msiba wa kwanza ulikuja kabla ya mavuno ya mpunga. Nilisikia kilio nikiwa navaa viatu vya kazini. Nikavivua. Nilifika na jembe begani na ndoo mkononi, tai yangu ikining'inia kwenye mshikio, na wanaume wakaanza kukohoa kama nilivyokuwa nakohoa mimi. Nilistahili. Lakini kulikuwa na jambo nililolibeba tangu siku ya kikaango, na nilitaka kulitua mbele ya watu walewale walionisikia njiani. Nikasimama katikati ya uwanja wa wafiwa, nikakohoa kidogo kusafisha koo.

"Ndugu zangu wa nzengo," nikaanza, "mwaka jana, mbele yenu, nilimsingizia mama huyu—"

Sauti ilitoka nzuri. Nilisikia mwenyewe jinsi ilivyotoka nzuri, na nikajua hotuba itakuwa ndefu.

Mjane alikuwa anapuliza moto. Hakuinua hata kichwa. "Maji kwanza, mwalimu. Wachimbaji wana kiu."

Watu wakaangua kicheko, hata wafiwa. Nikafunga mdomo. Nikaenda kisimani, nikajaza ndoo mpaka juu, mwanamke mmoja akanitwisha na kunionyesha namna ya kuweka shingo. Mwanamume mzima, mwenye cheti, nikaanza kutembea kama mtoto anayejifunza, mikono miwili juu, watoto wakinifuata, maji yakinitiririka machoni. Na njia nzima, kwa mara ya kwanza tangu utoto, nilikuwa naomba. Ombi langu lilikuwa moja tu: yasimwagike.